Darubini juu ya bunduki ya kale: ni kipimo au ni udanganyifu?

Mwana wa Langoni (mwanzisha mada)
Assalaam aleikum wanajukwaa. Kaka yangu yuko Uingereza miaka mingi, na kule ameingia klabu ya watu wanaolenga shabaha kwa bunduki za kale. Yake ni Martini-Henry, ile ya 1871 inayokula risasi moja moja. Sharti la mashindano yao: unalenga kwa vyuma vyake viwili, cha nyuma na cha mbele, hakuna kioo. Sasa yeye hujaza risasi zake mwenyewe. Ili ajue baruti kiasi gani inaifaa, siku za mazoezi hufunga darubini juu, anapiga, anapima matundu kwenye karatasi, akishapata kipimo anaivua. Siku ya mashindano ni vyuma tu. Mzee mmoja wa klabu kamwambia huo ni udanganyifu, sasa wamenuniana. Mimi naona halali. Ingawa wazee wetu wa Lamu waliwatimua Wamombasa pale Shela kwa gobori na mato yao mawili, hawakuhitaji kioo cha mtu.

Kijana wa Barani
Waaleikum salaam. Udanganyifu mtupu. Mchezo wenyewe ni wa jicho, ukilitoa jicho umebaki na mlio na moshi. Ni kama mwezi wa Ramadhani, unaambiwa uuone, wewe unakwenda kuutafuta kwa darubini.

Bi Mkunguni
Jamani mwezi tuuache. Uzi wa mwezi wa mara ya mwisho ulifungwa na watu hawajaamkiana hadi yeo.
Swali langu mimi: kipimo alichokipata darubini ikiwa juu, kitabaki kile kile ikishatolewa? Uzito umepungua, shavu linakaa pengine kwenye kitako. Hilo ndilo ningemuuliza kaka, haya ya halali na haramu baadaye.

Fundi Kasiba
Nimekuwa askari wa wanyamapori, bunduki ya .303 nimeibeba mpaka bega likaota sugu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Kijana wa Barani, karatasi haisemi kosa ni la nani. Matundu yakitawanyika, huenda ni baruti, huenda ni jicho lako. Chukua mfano tu. Tuseme kwa yadi 100 jicho peke yake linatawanya sentimita 8. Kipimo kizuri cha baruti kinatawanya 3, kibaya 6. Makosa haya hayajumlishwi hivi hivi. Kila moja unalipiga mraba, unajumlisha, kisha unatafuta kipeo cha pili. Kwa vyuma, kipimo kizuri kitakupa 8.5 na kibaya 10. Nani ataijua tofauti hiyo kwa risasi tano? Funga darubini, jicho lishuke mpaka 2: kizuri 3.6, kibaya 6.3. Hapo hata mtoto wa chuo anaona kipi ni kipi.
Na jicho la binadamu halishiki vitu vitatu kwa pamoja, chuma cha nyuma, ncha ya mbele na shabaha. Kimoja lazima kififie. Mtu akivuka arubaini ndiyo basi kabisa, anabahatisha.

Mzee Mtepe
Nani anabahatisha? Mimi nina sitini na kitu, na jahazi likiwa bado liko Manda nakutajia nahodha wake. Vijana wa siku hizi mato yenu yamekufa kwa simu, msituchanganye na nyinyi.

Fundi Kasiba
Mzee wangu shikamoo. Jahazi la mbali utaliona, sikatai, ya mbali ndiyo yanayobaki. Chukua sindano utie uzi ndipo tuongee.

Mzee Mtepe
Marahaba. Sindano ana kazi nayo mke wangu. Hujajibu kitu.

Kijana wa Barani
😂😂 Fundi kakamatwa.
Lakini hoja iko pale pale. Zamani walipiga kwa jicho, sasa mnaleta mitambo halafu mnaita "ya kale".

Msomaji wa Shimo la Tewa
Zamani ipi hiyo? Mwaka 1860, Wimbledon, kwenye mashindano ya kwanza ya chama cha bunduki cha Waingereza, Malkia Victoria ndiye aliyefungua kwa risasi ya kwanza. Yadi 400, ikatua karibu na katikati kabisa. Watu wakashangilia. Ile bunduki ya Whitworth ilikuwa imefungwa kwenye chuma, imeshalengwa na mafundi, yeye alivuta kamba ya hariri tu. Na Marekani, fundi mmoja aitwaye Malcolm alikuwa anatengeneza darubini za bunduki miaka ya 1850, kabla Martini-Henry haijazaliwa. Darubini ni ya kale kuliko bunduki ya kaka mtu!

Kijana wa Barani
Malkia naye kadanganya basi. Umenisaidia.

Mvita Halisi
Mimi bunduki sizijui, nimeingia kwa sababu ya sentensi moja ya mwanzisha mada. "Waliwatimua Wamombasa pale Shela kwa gobori na mato yao mawili." Wallahi? Mwaka 1812 hivi, majeshi ya Mazrui, watawala wa Mombasa, na wenzao wa Pate waliposhuka Shela, kilichowamaliza ni maji kupwa. Walirudi pwani wakakuta vyombo vimekaa mchangani. Shabaha gani hapo? Mtu amekwama kwenye tope utamkosa vipi?

Mwana wa Langoni
Na kwa nini walirudi pwani mbio? Walikuwa wanakwenda kuogelea?

Mvita Halisi
Waliona mambo hayakwenda walivyoahidiwa. Kurudi nyuma ni jambo la kawaida vitani.

Mwana wa Langoni
Kurudi nyuma huku umeacha viatu 😂 Maji yalikupwa kwa wote bwana, mbona sisi hatukukwama?

Kijana wa Barani
Samahani, Shela ipi? Maana hapa Malindi pia tuna Shela na hatujawahi kumtimua mtu.

Mwana wa Langoni
Hilo tunalijua. Mreno alipokuja 1498 mlimpa maji, mbuzi, na rubani wa kumpeleka India juu. Mpaka yeo nguzo yake mnaipaka chokaa.

Kijana wa Barani
Angalau sisi tulipokea mgeni. Nyinyi mlishinda vita, mkaogopa ushindi wenyewe, mkamwandikia Sayyid Said wa Omani aje awalinde. Ngome ya Lamu ikakamilika 1821, na wenyeji mkageuka wageni kwenu. Nani alimfungulia nani mlango?

Mzee Mtepe
Wewe mtoto una adabu? Kumwita Sayyid ilikuwa akili. Mazrui angerudi na majahazi mara mbili ya yale. Zahidi Mngumi, kiongozi wetu wa Lamu, alijua anachokifanya, na wakati huo kwenu kulikuwa pori, nyani wanapita barazani.

Kijana wa Barani
Mzee nakuheshimu ila nyani usituletee.

Mvita Halisi
Hapo Mzee nakuunga mkono kwa bahati mbaya. Malindi wakati ule ilikuwa magofu. Lakini la maji kupwa mnalikwepa.

Bi Mkunguni
Swali langu halijajibiwa. Nimeuliza la uzito na shavu. Mumeshafika kwa nyani.

Ustadh wa Mkomani
Kwa mtazamo wa haki, masharti ya mashindano ndiyo mkataba. Mkataba unasema siku ya mashindano usitumie kioo. Haukusema nyumbani usitumie. Aliyetimiza masharti hajamdhulumu mtu. Kama klabu inataka kukataza na mazoezini, iandike. Lakini kaka alipaswa kuwaambia wenzake mapema. Mzee aliyegundua mwenyewe ndiye huyo amekasirika, na angeambiwa labda angeazima.

Fundi Kasiba
Bi Mkunguni samahani dada, Mzee alinipotezea dira. Uko sahihi kwamba bunduki itabadilika. Darubini ikitoka, bunduki inakuwa nyepesi, inaruka zaidi, na risasi zote zinaweza kuhamia juu au pembeni. Lakini kuhama si kutawanyika. Kundi likihama lote pamoja unalirekebisha kwa chuma cha nyuma, likitawanyika huna dawa. Kwa hiyo darubini inamchagulia vipimo viwili vitatu vilivyo bora, kisha anavijaribu tena kwa vyuma, tena kwa risasi kumi kumi, siyo tatu. Risasi tatu zitaingia tundu moja kwa bahati ukaenda kuchinja mbuzi bure. Darubini iliyosimama juu ya mtutu inaubadilishia mtutu mtikisiko wake pia, ndiyo maana kurudia kwa vyuma ni lazima.
Mwambie mambo mawili. Asitoboe matundu ya skrubu kwenye chuma cha Martini-Henry ya watu, atafute kibanio cha kushika bila kutoboa, akitoboa kaua thamani yake. Na hiyo ni bunduki ya baruti nyeusi, ilikuwa greni 85 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa risasi ya greni 480. Asije akaidanganya kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi kwa kipimo kile kile. Itapasuka usoni.

Bi Mkunguni
Sasa hapo nimeelewa. Ahsante.

Mtu wa Kizingitini
Nyinyi mnaojadili baruti humu, mnajua mko Kenya? Sheria ya silaha Sura 114 haina utani, na uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Huku kwetu ukionekana na manati unaulizwa umetoka wapi. Admini angalia uzi huu.

Mwana wa Langoni
Kaka yuko Uingereza na ana kibali, soma mada toka juu. Fundi ahsante sana, nimemtumia maneno yako yote. Anasema vibanio anavyo, hakutoboa. Na ya Ustadh pia nimempelekea, amenyamaza, nahisi imemgusa.

Mvita Halisi
Muulize na kaka pia, huko kwenye vitabu vya Waingereza wameandika Shela ilishindwa na nini. Bunduki au maji?

Mwana wa Langoni
Anasema Wamombasa.