Naomba ushauri, shotigani ya mzee

Wadau habari zenu, niko huku Njoro, Kenya. Mzee wangu ana Remington 870, ile shotigani ya kuvuta kwa mkono, aliinunua kabla uwindaji upigwe marufuku 1977, enzi hizo yeye na baba mdogo walikuwa wanafuata kanga na kwale alfajiri. Leseni iko kwa jina lake na iko sawa. Sasa macho yamefifia, mwenyewe amesema itarudishwa polisi, lakini kila akiitoa aipanguse mafuta anairudisha kabatini na siku inaisha hivyo. Ule ubao wa mbele anaposhika kuvuta umelika ukawa laini kama mpini wa jembe la zamani, weusi wa chuma umetoka, na bado haijawahi kumkwamia, na mwili wa bunduki yenyewe umechongwa kwa kipande kimoja cha chuma. Ndugu yangu anataka iuzwe haraka, mimi roho inakataa.

Sasa swali, niombe leseni yangu kwa Bodi ya Leseni za Silaha ndio ibaki nyumbani ama nimwache tu airudishe? Na kama mzee wako alishawahi kurudisha yake, mlimwambia nini hiyo siku?