Wakuu choo changu kimebadilika tangu nihamie Dar, nina miaka 25, niogope?

MpangajiUani
Habari za muda huu wakuu. Naona aibu kuandika hii lakini humu hamna anayenijua acha niseme. Nimetoka Songea mwezi wa pili kuja Dar, nauza vifaa vya simu Kariakoo kwenye duka la mtu. Nyumbani jogoo akiwika na mimi niko njiani na kopo, kila siku, haikosi. Sasa huku nakaa siku nne mpaka tano sijaenda, nikienda natoa vigololi kama vya mbuzi, nakamua mpaka machozi, alafu siku nyingine ghafla naharisha maji maji kidogo kidogo kutwa nzima kisha narudi kule kule kwenye ukavu. Tumbo limejaa gesi linaunguruma hadi wateja wanasikia. Duka la dawa wamenipa Flagyl mara tatu, zahanati wakapima damu wakasema taifodi, nikapigwa sindano siku 5, bado. Juzi nimeona damu kwenye tishu ndo nikaanza kusoma mambo ya kansa, usingizi umeisha. Kwa umri huu inawezekana?

KijanaWaVingunguti
Karibu mjini mkuu, chipsi zege zimekupokea 😂 Na hiyo taifodi usishangae, bongo ukiingia zahanati na kidole kilichokatika unatoka na taifodi na UTI.

MzeeWaMakande
Dogo kwenu ulikuwa unakula dona, maharage na mboga za bustanini. Huku unakula nini? Sembe nyeupe ile pumba yote imebaki mashineni, na pumba ndo inayosukuma choo. Sema ukweli tukusaidie.

MpangajiUani
Asubuhi chapati mbili na chai ya rangi, mchana wali kwa mama ntilie, usiku chipsi mayai na enaji. Maji kidogo sana mzee maana choo cha pale dukani ni cha kulipia na huwa hakina maji.

NesiWaZamu
Mdogo wangu, kwanza tuweke sawa, kwenda haja kubwa mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki yote ni kawaida ya watu, kinachoangaliwa ni umetoka wapi na wewe umebadilika vipi. Alafu jibu hili bila aibu: asubuhi unatoka nyumbani saa ngapi, na choo mnatumia wangapi?

MpangajiUani
Natoka saa 11 alfajiri niwahi gari. Choo kimoja cha uani, wapangaji nane na watoto wao. Nikikuta foleni naondoka zangu nabana, dukani nabana, nikirudi usiku haja imeshakata.

NesiWaZamu
Sasa hapo ndo penyewe. Utumbo una saa yake, ukiamka na ukitia kitu tumboni unajiminya kusukuma mzigo, ndo ile haja ya asubuhi. Ukibana, choo kinarudi juu kidogo na utumbo mpana unaendelea kukifyonza maji, kesho kigumu, keshokutwa jiwe, na ukizoea kubana hata ile hamu ya kwenda inapungua. Ile "kuharisha" kwako inawezekana ni choo laini kinapenya pembeni ya kigumu kilichoziba, ndo maana Flagyl haikukusaidia. Ile ni ya amiba na giadia, na unatakiwa upimwe choo kwanza. Kumeza bila kupima unavuruga tumbo bure. Inaweza pia kuwa utumbo wenye hasira, ule wa gesi na kubadilika badilika hasa mtu akiwa na mawazo, vijana wanao sana. Damu ni ya rangi gani, inauma?

MpangajiUani
Nyekundu mbichi, na wakati wa kutoa inauma kama wembe.

NesiWaZamu
Hiyo inafanana na mchaniko wa njia ya haja, ila mimi sijakuona. Nenda ukaangaliwe, na uangaliwe kweli sio kuulizwa maswali ukapewa vidonge. Na usisubiri kabisa ukiona unapungua uzito bila sababu, damu imechanganyika na choo, choo cheusi kama lami (na hutumii vidonge vya kuongeza damu, maana vile navyo vinakifanya cheusi), tumbo linakuamsha usiku, homa, au kwenu kuna aliyeugua kansa ya utumbo.

Mkerewe_88
Mimi damu na maumivu ya tumbo miezi kibao, kila mtu bawasiri bawasiri, kumbe kichocho cha tumbo, nimekulia ziwani kuogelea kila siku. Nikapewa prazikwanteli nikapona. Mwambie daktari kama umewahi kuoga ziwani au mtoni.

DadaWaTanga
Mie gesi na kuharisha ilikuwa maziwa tu jamani, nilipoacha chai ya maziwa wiki mbili nikawa mtu. Mtindi nakunywa haunisumbui.

Mtulivu
Samahani naharibu furaha kidogo. Binamu yangu alikuwa na 34, damu miezi minane, akanunua mitishamba ya bawasiri stendi maana alisikia kansa ni ya wazee. Walipokuja kuingiza kamera uvimbe ulishakuwa mkubwa. Chadwick Boseman yule muigizaji alifariki 2020 ana miaka 43, alikuwa amegundulika ana kansa ya utumbo mpana tangu 2016 ikiwa hatua ya tatu. Marekani 2021 wameshusha umri wa kuanza kuchunguzwa kutoka 50 mpaka 45 kwa sababu inawapata vijana zaidi ya zamani. Kwa miaka 25 ni nadra, sikutishi, ila damu usiipe jina mwenyewe.

MpangajiUani
Narudi wakuu, wiki tatu zimepita. Nimeenda hospitali ya wilaya, choo hakina minyoo wala amiba, wingi wa damu 14.1, daktari akavaa glavu akaniangalia (sitaki kusimulia), kweli ni mchaniko. Nimepewa dawa ya maji ya kulainisha choo na nakalia beseni la maji ya uvuguvugu jioni. Enaji nimeacha, mama ntilie namwambia aongeze maharage na mchicha, napitia papai. Na sasa naamka saa 10 na nusu kabla ya watu wote, nakunywa maji ya moto glasi mbili, nachukua kopo langu. Siku moja naenda moja sijaenda, laini, damu sijaiona siku ya tisa leo.

NesiWaZamu
Safi. Dawa usiache ghafla, na ikirudi damu rudi hospitali.

MpangajiUani
Sawa dada. Tatizo lililobaki ni mama mwenye nyumba, jana kauliza kila mtu nani anawasha taa ya uani saa 10 usiku luku inaisha. Nimekaa kimya.