Difu ya Altezza ya Baba

*Jumatano*

Gwakisa 18:41: Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Gari la baba, ile Altezza, imeacha doa la mafuta tena chini ya mparachichi. Kubwa kama sahani.

Mama 18:44: Marahaba mwanangu. Si mwezi wa tatu tu imetengenezwa jamani? Na Jumamosi tunatakiwa Iringa kwa sendofu ya Atu.

Mjomba 18:52: Marahaba. Doa liko mbele au nyuma? Mafuta yananukaje?

Gwakisa 18:53: Nyuma, katikati, pale propela, ile shafti ndefu inayotoka mbele, inapoingia. Mazito, yananuka kiberiti.

Mjomba 18:53: Difu hiyo, nyumba ya gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Sili ya pinioni, ule mpira wa kuzuia mafuta kwenye gia ndogo inayozungushwa na propela.

Gwakisa 18:55: Kijana wa gereji anasema ni nusu saa tu, anafungua nati ya pinioni kwa bunduki ya upepo na kuikaza kwa hiyohiyo.

Mjomba 18:56: Asiiguse!

Mjomba 19:08: Gwaki nisikilize, naandika ndefu. Nyuma ya ile nati kuna kibomba cha chuma kilichopondwa kwa kipimo, ndicho kinachozipa beringi za pinioni mkazo wake. Ukikaza kupita pale kinapondeka zaidi na hakirudi. Mtafika Igawa difu inaimba, Makambako beringi zimeungua. Ukiilegeza nako, pinioni na krauni, ile gia kubwa, vinalana meno. Kwa hiyo kabla ya kufungua piga mstari wa rangi unaopita kwenye nati, ncha ya pinioni na flanji, kile kipande propela inapofungwa. Hesabu na nyuzi za pinioni zilizojitokeza nje ya nati. Ukirudisha, mistari ikutane, basi. Propela nayo itie alama irudi ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka.

Atu 19:15: Kamwene nyumbani. Kama gari lina shida pandeni basi, mimi nitafurahi mkifika tu.

Mama 19:17: Atu, baba yako alisema gari hilo ndilo litakalokubeba siku yako. Tunakuja nalo.

Mjomba 19:20: Sili ya mwezi wa tatu haikufa bure. Juu ya difu kuna kikofia kidogo cha kupumulia. Kesho kichungulie kabla ya lolote.

*Alhamisi*

Gwakisa 11:20: Mjomba, kimeziba kabisa. Tope la njia ya shamba limekauka kama tofali.

Mjomba 11:24: Hapo ndipo penye ugonjwa. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma mafuta kwenye mdomo wa sili. Ungeweka sili kumi zingevuja zote kumi. Kioshe kwa mafuta ya taa, kipulizie hadi kipumue. Halafu pitisha kucha kwenye shingo ya flanji, pale sili inapokaa.

Gwakisa 11:40: Inanasa kidogo sana. Na Mwanjelwa wanasema sili ya Altezza hawana.

Mjomba 11:43: Kidogo si neno, sugua kwa msasa laini ukizunguka. Dukani ulizia Lexus IS 200, ndilo jina lake nchi nyingine. Nenda na namba ya chasi na sili ya zamani, linganisha mkononi. Paka grisi mdomoni kabla ya kuigongea.

Mjomba 11:44: Na fungua bolti ya kujazia KWANZA, ndipo ya kumwagia. Ukishamwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari linalala hapo. Mafuta yawe ya daraja la GL-5, usikubali GL-4, meno ya difu yanasuguana kwa nguvu mno. Gari likiwa limekaa sawa, jaza hadi yachuruzike tunduni.

Gwakisa 16:31: Imeingia, mistari imekutana. Sumaku ya bolti ilikuwa na uji wa kijivu tu.

Mjomba 16:33: Huo ni wa kawaida. Ungekuta vipande ningewaambia msisafiri. Endesha hadi Igawilo urudi, usiku laza boksi la karatasi chini ya difu.

*Ijumaa*

Gwakisa 06:12: Boksi kavu.

Mama 06:15: Ndaga fijo, asante sana kaka. Nimelala leo.

*Jumamosi*

Gwakisa 09:47: Tupo Makambako. Nimelala chini nimechungulia, pakavu. Mama ameshuka akachungulia mwenyewe.

Atu 09:48: Nawasubiri getini.