Naombeni ushauri: programu ya simulesheni ya makaushio ya dagaa, niandike kila kitu mwenyewe?

Fundi_Mwanga
Wakuu, habari za muda huu. Niko Kigoma, nimesomea uhandisi mitambo. Wachakataji wa dagaa hapa Kibirizi wanaanika kwenye vichanja, na mvua ikishika mzigo unaharibika. Vikundi vinataka makaushio ya jua, ila kila fundi anachonga kwa kubahatisha. Bomba la kutolea hewa likiwa fupi, trei za juu zinabaki mbichi.

Nataka programu ambayo fundi au mtafiti ataingiza vipimo vya kaushio, naye aone joto, mwendo wa hewa na unyevu wa samaki saa kwa saa. Tatizo ni kwamba vitu hivi vinategemeana: joto linapandisha hewa, hewa inabeba unyevu, na maji yakivukizwa yanaipoza hewa ileile. Sehemu ya joto nimeiandika kwa lugha ya programu ya Python, inakwenda vizuri. Nikiunganisha zote tatu, namba zinalipuka, yaani zinakua bila kikomo. Niendelee mwenyewe au nijenge juu ya programu huria? Na je, kuna riziki humu? Leseni za programu za kibiashara siziwezi.

Meshi_Laini
Mkuu, hesabu ya hewa usiiandike upya, itakula miaka yako. OpenFOAM, programu ya kukokotoa mwendo wa hewa na vimiminika, chimbuko lake ni Imperial College London, na imekuwa huria tangu 2004. Kuna Elmer ya Finland, na MOOSE ya Idaho National Laboratory kule Marekani, iliyojengwa mahsusi kwa fizikia zinazotegemeana. Ukitaka kubaki na Python yako kwa upande wa samaki, preCICE inaziunganisha programu mbili zikabadilishana namba wakati zinaendesha.

Kuhusu kulipuka: nadhani unapiga hesabu ya joto, kisha ya hewa, kisha ya unyevu, halafu unasonga mbele. Rudia mzunguko huo ndani ya hatua ileile ya muda mpaka namba zitulie, na kila mzunguko chukua sehemu tu ya badiliko jipya. Punguza na hatua ya muda.

Mama_Vipimo
Kabla ya kompyuta, shika kalamu. Chukulia kilo 100 za dagaa wabichi, maji asilimia 75, unataka zishuke hadi 12. Lazima uondoe kama kilo 72 za maji. Kila kilo inakula takriban megajuli 2.4, jumla kama kilowati-saa 48. Jua likikupa kilowati-saa 5 kwa mita mraba kwa siku na kaushio likanasa nusu, unahitaji mita mraba 19 hivi. Programu ikikuambia 4 zinatosha kwa siku moja, imekosea, hata picha zake ziwe nzuri namna gani.

Halafu ipime kwa majibu yanayojulikana. De Vahl Davis alichapisha mwaka 1983 tatizo la hewa ndani ya kisanduku cha mraba, ukuta mmoja moto, wa pili baridi. Kwa namba ya Rayleigh (nguvu ya joto kuisukuma hewa) 10,000, namba ya Nusselt (joto linalopita ni mara ngapi ya lile ambalo lingepita hewa ikiwa imetulia) ni 2.243. Usipoikaribia hiyo, usiguse dagaa.

Mwana_Ujiji
Nyumbani tunaanika. Dagaa akipigwa joto kali mapema, nje panakakamaa na ndani unyevu unafungiwa. Ukimkunja ngozi inakatika, tumbo bado laini. Kwa hiyo kasi ya maji kutoka usiiweke namba moja tangu mwanzo hadi mwisho. Weka vipimajoto trei ya juu, ya kati na ya chini, na mzani kwa kila trei.

Riziki ipo, ila fundi hatanunua programu. Atalipia mchoro wa kaushio linalokausha. Mtafiti mpe bure, atakurudishia vipimo. Leseni nazo zisome: OpenFOAM iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, ukigawa toleo ulilolibadilisha unagawa na msimbo wake. Kuuza huduma hakukatazwi.

Fundi_Mwanga
Asanteni sana. Naanza na kisanduku cha mraba kwenye OpenFOAM, hesabu ya samaki naiacha kwenye Python. Mwana Ujiji, mzani wa trei uwe wa kupima hadi gramu ngapi, na unazuiaje upepo usiusumbue?

Mwana_Ujiji
Gramu 5 inatosha kwa trei ya kilo kadhaa. Funga tundu la hewa kwa sekunde chache, soma, fungua.