Programu ya SACCOS: tuiweke kwenye seva ya wapi?

Swali, kutoka Morogoro

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimeandika kwa Django (zana za Python za kujengea programu za wavuti) na hifadhidata ya PostgreSQL programu ya kutunza akiba na mikopo ya SACCOS yetu yenye wanachama wapatao 400, na hadi leo inaendeshwa kwenye kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu. Umeme ukikatika, hakuna mwanachama anayeliona salio lake. Mwenyekiti amekubali tukodi seva, lakini sijui nichukue seva pepe (sehemu ya seva kubwa inayokodishwa kama kompyuta inayojitegemea) ya Ulaya, ya Afrika Kusini au ya hapa nchini, au nitumie huduma inayopokea msimbo na kushughulikia mengine yote yenyewe. Fundi hatuna, ni mimi peke yangu, jioni nikitoka kazini.

Jibu, kutoka Dar es Salaam

Ndugu, kwa wanachama 400 seva pepe moja ndogo inatosha kabisa: Nginx mbele ya kupokea maombi ya wanachama, Gunicorn nyuma yake ya kuiendesha programu yako, na cheti cha bure cha Let's Encrypt cha kulinda mawasiliano, ambacho huisha muda baada ya siku 90, hivyo hakikisha kinajihuisha chenyewe. Ningekushauri uiweke hapa nchini. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, ofisi niliyokuwa naihudumia ilishinda ikitazama ukurasa mweupe kwa sababu seva yake ilikuwa ng'ambo, ingawa wateja wake wote walikuwa Kariakoo na Ilala. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na salio la mwanachama ni taarifa yake.

Jibu, kutoka Mwanza

Naafiki suala la mahali, ila mimi naanza na nakala rudufu. Sisi tulikodi seva kwa mtoa huduma mmoja, diski ikafa, na nakala zetu zote zilikuwa kwenye diski hiyohiyo. Tulikaa siku tisa tukiingiza upya miamala kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, na wazee walikuwa wakija mlangoni kuuliza fedha zao ziko wapi. Panga pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata, ijiendeshe kila saa 8 usiku, faili liende kwenye mashine ya mtoa huduma mwingine, kisha mara moja kwa mwezi lirejeshe kwenye kompyuta yako na ulinganishe jumla ya akiba na daftari la mhasibu. Ukiona kazi hiyo pamoja na kusasisha mfumo vitakushinda jioni, lipia huduma inayokufanyia, hata kama bei ni kubwa kuliko ya seva tupu.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Jana usiku nilirejesha nakala kama nilivyoelekezwa: jumla ya akiba imelingana na daftari hadi shilingi ya mwisho, lakini picha za vitambulisho vya wanachama hazikuwemo, kwa kuwa zimehifadhiwa kwenye folda nje ya hifadhidata na pg_dump haizigusi. Nitaiongeza folda hiyo kabla ya kulipia seva yoyote.