XO-1: nitaizimaje meshi bila kuzima waifai yote?

Swali
Ndugu zangu, nasimamia kompyuta mpakato 24 za XO-1, zile za mradi wa One Laptop per Child zilizoanza kuzalishwa mwaka 2007. Wanafunzi wanapoziwasha zote katika chumba kimoja, faili wanazotumiana hazifiki, na alama za wenzao huonekana na kutoweka. Nimeondoa tiki ya redio kwenye mipangilio ya mtandao, lakini hata ruta ikakatika. Je, naweza kuizuia meshi peke yake, yaani ule mtandao wa kompyuta kwa kompyuta usiopitia ruta?

Jibu la kwanza
Inawezekana, Mwalimu. Tiki hiyo huzima redio nzima, na inafaa zaidi unapotaka kuokoa betri. Redio ya XO-1 ni moja, ila mfumo huionyesha kama violesura viwili, yaani milango miwili ya mtandao: eth0 kwa ajili ya ruta na msh0 kwa ajili ya meshi. Fungua Terminal (programu ya kuandikia amri), ingia kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kisha andika:

echo 0 > /sys/class/net/eth0/lbs_mesh

Kuirejesha, andika 1 badala ya 0. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya amri hiyo hupotea, kwa hiyo iweke katika skripti (faili la amri) inayoendeshwa mfumo unapoanza.

Jibu la pili
Naomba niongeze chanzo cha tatizo, maana bila kukielewa utaizima meshi hata pale inapohitajika. Kila XO-1 hupokea ujumbe wa jirani na kuupitisha mbele, jambo ambalo ni msaada mkubwa kompyuta zinapokuwa zimetawanyika mbali na ruta; lakini zikibanana chumbani, tangazo moja hurudiwa na wengi mpaka chaneli, yaani masafa wanayotumia pamoja, inajaa. Kufunga kifuniko cha kompyuta ili ilale si dawa ya uhakika, kwa kuwa chipu ya waifai ina kichakataji chake na iliundwa iweze kuendelea kupitisha ujumbe wakati kichakataji kikuu kimelala. Penye ruta, mimi ningeizima meshi bila kusita. Pasipo na ruta, wagawe wanafunzi katika makundi matatu, kila kundi na chaneli yake: 1, 6 na 11.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Je, amri hiyo itafaa pia kwa XO-1.5, toleo lililofuata?

Jibu la kwanza
Hapana, Mwalimu. XO-1.5 ina chipu nyingine isiyo na meshi hiyo. Yenyewe huunganishwa moja kwa moja na wenzake, bila kupitisha ujumbe wa wengine.