Mafunzo kwa vitendo ya uzamili katika ukutubi: je, maktaba ndogo ya Mtwara inafaa?

Mwalimu wa Newala ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Newala, na kwa miaka sita nimeshika funguo za maktaba ya shule pamoja na vipindi vyangu vya Kiswahili, mpaka nilipopata ruhusa ya kwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya ukutubi na taaluma za habari. Nimemaliza masomo ya darasani, na kuanzia Julai natakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane chini ya wasimamizi wawili, mmoja wa kituoni na mwingine wa chuo. Wenzangu karibu wote wameomba maktaba za vyuo vikuu vya Dar es Salaam. Watoto wangu wawili wanaishi kwa mama yangu hapa Mtwara mjini, na ningependa kuomba maktaba ya umma huku huku nyumbani.

Wasiwasi wangu ni wa namna mbili. Kwanza, mkutubi atakayenisimamia ana stashahada, nami nasomea uzamili, kwa hiyo sijui tathmini yake itapewa uzito gani, wala sijui mimi mwenyewe nitakaaje mbele yake bila kuonekana najifanya najua. Pili, nimewahi kuona wanafunzi wa mafunzo katika maktaba moja wakikaa wiki sita mlangoni, wakipokea mabegi na kugawa vibao vya namba, kisha wakaandikiwa kwamba wamefanya kazi vizuri. Sitaki kurudi chuoni na ujuzi wa mabegi. Naomba ushauri wa waliosimamia na wa waliosimamiwa.

Mkutubi Mstaafu, Lindi, amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo stashahada inayokusumbua. Wengi wetu tuliofanya kazi katika maktaba za mikoa tumepitia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na huko ndiko tulikofundishwa kushika kitabu kabla ya kukizungumzia. Mtu aliyekaa kwenye meza ya kuazimisha miaka ishirini anajua mambo ambayo mhadhiri wako hana njia ya kuyajua: kitabu kipi kinaulizwa kila wiki na hakipo, msomaji yupi hutoka bila kuuliza kwa sababu anaona haya, na rafu ipi huvujiwa masika yakianza.

Nitakupa kisa kimoja. Niliwahi kupokea kijana wa uzamili, mtu mwenye adabu na mwepesi wa kuelewa, na siku ya kwanza nikampa kapu la vitabu thelathini vya Kiswahili vilivyotolewa msaada, nikamwomba aviwekee kwa penseli namba za Dewey, zile zinazopanga vitabu rafuni kwa mada. Kufika adhuhuri alikuwa amemaliza. Nilipoinua cha kwanza nikaona 496.392, cha pili 496.392, cha kumi nacho vivyo hivyo. Riwaya, tamthilia, diwani za mashairi na vitabu vya sarufi, vyote amevitia kwenye lugha kwa kuwa vyote "ni Kiswahili". Nilipomuuliza fasihi ya Kiswahili inakaa wapi, alinijibu papo hapo kuwa ni 896.392. Mtihani wa jambo hilo alikwisha kuufaulu, ila hakuwa amefungua kitabu hata kimoja. Alisoma majalada tu. Tukavirudia pamoja, kimoja kimoja, dibaji kwanza, yaliyomo pili, namba mwisho. Baada ya siku ile sikumwona tena akiandika namba kabla ya kufunua kitabu.

Hapo ndipo utajua kama una msimamizi au huna. Ukipata mtu anayelitazama kapu lako adhuhuri, na kosa likaonekana siku ile ile, una msimamizi, awe na cheti gani. Ukipata anayetazama ripoti yako wiki ya nane, hata akiwa profesa, umepata msahihishaji tu.

Jambo dogo la nyongeza, kwa kuwa unakuja Julai. Huku kwetu pwani, hewa ya chumvi na unyevu wa masika huacha ukungu kwenye vitabu, na kiangazi ndicho kipindi cha kuushughulikia. Omba uoneshwe. Kitabu chenye ukungu hutengwa na wenzake, hukaushwa kivulini penye upepo wala si juani, kisha hufagiliwa nje kwa brashi laini, na anayefagia hufunika pua na mdomo. Ukimaliza, piga magoti utazame nyuma ya rafu za chini zinazogusa ukuta, maana mchwa hawaanzii mahali unapopaona ukiwa umesimama.

Msimamizi wa Chuo amejibu:

Nimesimamia wanafunzi wa uzamili kwa miaka kadhaa, wengine katika mikoa ya kusini, na nakubaliana na Mzee hapo juu, isipokuwa ningependa kuongeza upande wa maandishi, kwa sababu wema wa msimamizi peke yake haumzuii mtu kuishia mlangoni.

Kabla hujaanza, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kati yako, kituo na chuo. Barua ya utambulisho haitoshi, kwani husema tu wewe ni nani na utakaa mpaka lini. Makubaliano hayo yataje kazi moja kubwa utakayoianza na kuimaliza, kazi za kawaida utakazopokezana na watumishi, siku na saa ya kukutana na msimamizi wa kituoni kila wiki, na kitu gani utakachokikabidhi siku ya mwisho. Wiki nane ni siku 40 za kazi, na sikukuu zikizipunguza hazifiki hata hapo. Mlangoni utakaa, na ni haki ukae, kwa kuwa kila mtumishi hukaa. Lakini zamu iandikwe ni siku ngapi.

Kuhusu uzito wa tathmini, mgawanyo wa alama hutofautiana chuo hata chuo, kwa hiyo usome mwongozo wa kozi yako. Ninachoweza kusema ni kwamba wasimamizi hawa wawili hawapimi kitu kimoja. Wa kituoni anapima ulichokifanya na mwenendo wako, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo; sisi tunapima jinsi unavyokifikiria ulichokifanya. Sijawahi kulinganisha vyeti vya hao wawili, na mwanafunzi anayeanza kulinganisha kwa kawaida ana tatizo jingine.

Hilo la kufikiri huonekana kwenye daftari la kila siku, na ndipo wengi wanapoharibikiwa. Nasoma kurasa nzima zilizoandikwa "leo niliendelea kupanga vitabu kwenye rafu". Mwandishi wa namna hiyo hana cha kueleza kwenye ripoti, hata kama alifanya kazi kwa jasho. Andika badala yake kwamba leo wasomaji wanne waliuliza vitabu vya kilimo cha korosho, kwamba vipo viwili katika 634.5, kwamba kwenye katalogi vimeingizwa kwa vichwa vya mada vya Kiingereza, na kwamba aliyetafuta neno "korosho" hakuona kitu akaondoka. Hapo una swali, na pengine una kazi yako kubwa.

Nikuonye juu ya jambo moja. Rejista ya wanachama na kumbukumbu za nani ameazima nini ni taarifa binafsi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu. Usizipige picha kwa simu ili ukazihesabie nyumbani. Na kama unawaza kukusanya data za tasnifu wakati uo huo, tambua kwamba kibali cha utafiti ni jambo lingine kabisa, lenye barua zake na utaratibu wake. Ukiwa mwanafunzi wa mafunzo unaaminiwa kama mtumishi, na imani hiyo haikupi ruhusa ya kumhoji msomaji kwa ajili ya utafiti wako.

Mzawa wa Chikongola amejibu:

Kwa heshima ya waliotangulia, mimi nitasema tofauti. Nilifanya mafunzo yangu katika maktaba ndogo huku kusini, sitaitaja, na msimamizi wangu alikuwa mtu mwema aliyenifundisha mengi. Lakini maktaba yote ilikuwa kwenye kadi na daftari la kupokelea vitabu. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi katika chuo kimoja, niliwekwa mbele ya kompyuta nikaombwa kuingiza rekodi ya kitabu kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Nilikuwa nimeisoma darasani na kuiona ikioneshwa ukutani, basi. Nilihangaika dakika ishirini kutafuta mahali pa kuandika jina la kitabu, wakati mwanafunzi yeyote aliyeshika programu hiyo wiki moja anajua kuwa ni uga wa 245, yaani sehemu ya rekodi yenye namba hiyo. Kazi sikuipata.

Kwa hiyo, Dada, usiende kwa sababu ya watoto peke yake. Nenda kwanza, kabla ya kupeleka barua, ukaangalie kwa macho: katalogi iko wapi, kompyuta ni ngapi, umeme ukikatika inakuwaje. Ukikuta hakuna mfumo, bado una njia. Koha ni programu huria. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za eneo la Horowhenua, ikaanza kutumika mwaka 2000, na jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Huilipii leseni. Unaweza kuiweka kwenye kompyuta mpakato yako yenye Linux na kuingiza humo vitabu mia tatu au mia nne vya rafu moja, kwa idhini ya mkutubi, huku daftari lao likiendelea kama kawaida. Ukiondoka unawaachia nakala ya rekodi hizo katika muundo wa MARC 21, ambao mifumo ya maktaba huusoma, na siku watakapopata mfumo hawataanzia sifuri.

Ila usiwaahidi kuwaletea mfumo. Mwenzangu mmoja aliahidi, akaondoka, na hadi leo wanamsubiri.

Mwalimu wa Newala ameandika tena:

Ahsanteni sana. Nimefanya kama Kaka wa Chikongola alivyosema, nikaenda kuangalia kabla ya kuandika barua, na nikakaa kwenye chumba cha kusomea tangu saa tatu hadi saa saba mchana. Nilihesabu wasomaji 31. Karibu wote walikuwa vijana wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wa Novemba, na 27 kati yao walisoma madaftari waliyokuja nayo. Kitabu cha maktaba hawakukigusa. Wamefuata meza, feni na utulivu. Nilimweleza mkutubi nilichokiona, nikidhani nimegundua jambo, naye akacheka akaniambia, "Mwalimu, hao wenye madaftari ninao kila mwaka. Nitafutie njia wawaone hawa," akaelekeza kidole kwenye rafu ya vitabu vya kusini. Wasiwasi wangu juu ya stashahada uliishia hapo.

Tumekubaliana kwamba kazi yangu kubwa iwe rafu hiyo: vitabu na vijitabu kuhusu Mtwara na Lindi, vikiwemo vya zamani vilivyochapwa na misheni ya Ndanda. Nitavipitia kimoja kimoja, nitasafisha vinavyohitaji, nitaviingiza kwenye Koha ndani ya kompyuta yangu, na kila rekodi, mbali na kichwa cha mada cha Kiingereza katika uga wa 650, itakuwa na maneno ya Kiswahili katika uga wa 653 ili anayetafuta "korosho", "Majimaji" au "Wamakonde" apate. Zamu ya mlangoni ni siku moja kwa wiki, na imeandikwa. Msimamizi wa chuo atakuja mara moja, wiki ya tano, na nitamtumia kurasa za daftari kila Ijumaa.

Swali la mwisho kwa Mzee. Kipo kijitabu kuhusu Tendaguru, kule Lindi, mahali Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Nusu yake ni habari za mifupa, nusu ni habari za wabebaji waliotembea na mizigo hadi pwani. Nakiweka 567.9 pamoja na dinosaria, au 967.8 kwenye historia ya Tanzania?

Mkutubi Mstaafu, Lindi, amejibu:

Umekwisha kukifunua, ndiyo maana unauliza. Soma dibaji uone mwandishi anasema ameandika kwa ajili ya nani. Kama ni kwa ajili ya mifupa, kipe 567.9, kisha kwenye 653 uandike "wabebaji" na "Tendaguru", na juu ya namba uweke alama ya mkusanyiko wa kusini ili kisihamie kwenye rafu ya sayansi. Kama ni kwa ajili ya watu, kipe 967.8. Vyovyote utakavyoamua, mwoneshe mkutubi wako kabla hujabandika lebo, kwa sababu gundi ikishakauka kwenye jalada la zamani huitoi bila kuchana.